Miji ya Pwani Niliyowaelekeza Watu

Kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu wa Ifakara akitaka kwenda kupumzika baharini alikuwa anatumwa kwangu. Walimu wenzangu, manesi, wanakwaya, hata padri mmoja aliyekuwa anatafuta mahali pa kuwapeleka vijana wake. Walinikuta shuleni nasahihisha madaftari, au nyumbani naanika mpunga, wakaniambia, "Mwalimu, wewe umekaa pwani. Tuambie, wapi kuzuri?"

Nami niliwaambia. Waliotaka kusali na kuona walikozikwa wamisionari wa mwanzo niliwaelekeza Bagamoyo, na nikawaonya kwamba siku mbili zinatosha. Waliotaka utulivu niliwaambia Pangani, mji mdogo uliokaa pale mto unapoingia baharini, huku nyumba za zamani zenye kuta nene, ng'ambo minazi, katikati kivuko. Asiyeogopa safari ndefu nilimpeleka mpaka Kilwa Kivinje, akaone maji yanavyokupwa hadi matope yanabaki wazi na watu wanatembea mahali ambapo asubuhi palikuwa bahari. Wenye ndoa changa niliwaambia Mikindani, kwa ajili ya ghuba yake ya duara na vichochoro vyake. Niliwapa hata masharti: msiende masika, msiingie majini maji yanapotoka, na msinunue pweza kwa mtu anayewakimbilia stendi.

Walikwenda. Walirudi na samaki wakavu na picha kwenye simu, wakanishukuru. Mimi sikuwa nimewahi kufika hata mji mmoja kati ya hiyo.

Nilizaliwa Mchombe, kwenye familia ya wakulima wa mpunga. Nilimaliza kidato cha nne, nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, na kabla sijaondoka nikapata mimba. Aliyenipa alikuwa kijana wa jirani ambaye hata sasa akinipita njiani ananiamkia vizuri tu, na mimi naitikia. Baba hakunipiga. Alikaa siku mbili bila kusema neno, siku ya tatu akamwita mama, wakapanga. Mimi nilipelekwa kwa shangazi Kidatu, ambaye mume wake alikuwa mfanyakazi kwenye mashamba ya miwa. Kijijini wakaambiwa nimekwenda Pangani kwa baba mdogo. Baba mdogo huyo kweli aliwahi kukata mkonge kule, ingawa wakati huo alikuwa ameshahama na hatukujua yuko wapi. Chuoni baba aliandika barua kwamba naumwa, nitaanza mwaka unaofuata.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya vyumba viwili, kwenye mstari mrefu wa nyumba zinazofanana. Sikuruhusiwa kwenda sokoni wala kanisani, maana mabasi ya Ifakara yalikuwa yanapita pale na mtu yeyote wa kwetu angeweza kuniona. Nilikaa ndani, na joto, na majivu ya miwa iliyochomwa yakiingia dirishani na kutua kwenye maji ya kunywa.

Aliyeniokoa na ukimya ule alikuwa mama wa mlango wa pili. Alikuwa mtu mzima, mnene, mzaliwa wa Pangani. Alikuja siku ya kwanza kuomba chumvi, akaniangalia tumbo, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Wamekuficha, mwanangu?"

Nikavuta kanga juu ya tumbo.

"Basi tutakaa wote. Mimi pia hapa nimejificha," akasema, akacheka. "Nimejificha na bahari. Mume amenileta nchi ya miwa."

Huyo alikuwa mume wake wa tatu. Wa kwanza alimwoa akampeleka Kilwa Kivinje, wa pili akamhamishia Mikindani, na kila ndoa ilipovunjika alirudi kwanza kwao Pangani kupumua. Kwa hiyo miji ile aliijua kama mtu anavyojua nyumba alizowahi kuishi. Kila siku baada ya kupika alikuja na ukindu wake wa kusuka, akanisimulia. Kivinje aliisifia maji na kuilaani kwa mama mkwe. Mikindani, alisema, ni nzuri sana asubuhi, mchana inalala. Nilijifunza maneno ambayo kwetu hatuna kazi nayo, kupwa na kujaa, na bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye hofu, na nilisikiliza kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kushika.

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane wa mimba. Hakulia. Shangazi na mama wa Pangani walimwosha, mume wa shangazi akaenda kuzika. Mimi sikuonyeshwa mahali. Walisema itakuwa rahisi kwangu nisipopajua.

Baada ya miezi miwili nilirudi Mchombe. Wasichana wenzangu walinizunguka siku hiyo hiyo. "Bahari ikoje?" Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nikaanza kusema. Nilisema kuhusu kivuko, na ngazi za mawe mbele ya duka moja ambapo mtu anaweza kukaa akala mkate wa kumimina huku akitazama mto. Maneno yote yalikuwa ya yule mama. Nilipomaliza, mama yangu aliingia ndani, na kutoka siku ile jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka alipokufa.

Uongo ule haukunipa tabu mwanzoni. Nilisoma ualimu, nikapangiwa Ifakara, nikaolewa na mwanaume kutoka upande wa Mahenge, mkulima na fundi wa mashine za kukoboa. Naye nilimwambia nimekaa pwani. Ningeweza kumwambia ukweli ule mwaka wa kwanza, alikuwa mtu wa kuelewa mambo. Niliahirisha, mtoto akazaliwa, wa pili akaja, na jambo likazoeleka kama kitu kilichowekwa juu ya kabati ambacho hakuna anayekishusha.

Kila mwaka baada ya mavuno aliniambia, "Mwaka huu unipeleke kwenu pwani." Alisema "kwenu" kwa utani. Kila mwaka nilikuwa na sababu: paa linavuja, mtoto anaingia sekondari, mafuriko yamechukua nusu ya shamba. Nilijua tukifika pale ataniuliza nyumba niliyoishi, atataka kumsalimia jirani. Wengine niliwaelekeza kwa furaha. Yeye peke yake nilimzuia. Alipoanza kuumwa moyo tulikuwa bado tunasema mwakani. Siku moja, tukiwa wodini, nikimkata kucha, akasema, "Ile bahari yako tumeiacha sana." Nikahamia mkono wa pili. Alikufa kabla ya masika.

Baada ya hapo watu waliendelea kuniuliza, nami niliendelea kujibu, lakini kwa uchovu. Nilikuwa nikisikia sauti yangu ikisema "Pangani kuna utulivu" kama mtu anayesoma tangazo.

Mwaka juzi, mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza alifanyiwa upasuaji, wakamtoa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Ni mtu wa Idete, mjane kama mimi, na tumefundisha pamoja karibu miaka ishirini. Msibani kwangu yeye ndiye aliyeshika jiko siku zote tatu. Daktari alimkataza shamba na kubeba ndoo. Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia alikuja nyumbani akiwa ameshika tumbo, akaketi kwenye mkeka wa mpunga.

"Nataka kwenda baharini, nikakae mahali ambapo hakuna mtu anayeniita mwalimu."

Nikaanza kama kawaida. "Pangani kuna utulivu. Ukifika Muheza utauliza..."

"Safari hii usinielekeze," akasema. "Nipeleke."

Nilitafuta sababu, sikuipata. Watoto wangu walikuwa wameshakua, paa lilikuwa zima, na mpunga ulikuwa umeshavunwa.

Tuliondoka asubuhi. Daraja la Ruaha pale Kidatu tulilipita mwenzangu akiwa amesinzia, na mimi niligeuzia uso upande wa pili. Tulilala Morogoro kwa mwanangu wa kike, siku ya pili tukapita Chalinze na Segera, na Muheza tukabadilisha gari. Tulifika Pangani jua likiwa linapungua, tumechoka, miguu imevimba. Mama mwenye nyumba ya wageni alitupokea vizuri, akatuonyesha chumba chenye vitanda viwili na vyandarua.

"Huyu ni mwenyeji wenu," mwenzangu akamwambia kwa furaha. "Alikaa hapa ujanani."

"Ala! Mtaa gani?"

"Ng'ambo," nikasema. "Kwenye mkonge."

"Bweni pale kivukoni, au mbele zaidi? Baba yangu alikuwa mnyapara huko. Kwa nani?"

"Ni siku nyingi, mama. Nimesahau."

Alinitazama kidogo, akaenda kuleta maji. Mimi nilijilaza na viatu vyangu.

Asubuhi mwenzangu alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu hospitali. Alitaka tuanze na zile ngazi za mawe na mkate wa kumimina. Alikuwa amezisikia mara nyingi ofisini, mimi nikiwasimulia wengine. Nilitangulia mbele kama mtu anayejua aendako. Nyumba za zamani zilikuwapo, nyingine zimebomoka, miti imeota ndani. Nilikata kushoto, nikakata tena, tukatokea kwenye ukuta wa ghala usio na njia. Tukarudi. Nikajaribu mtaa mwingine. Jua lilianza kuwa kali, na mwenzangu alikuwa anatembea ameinama kidogo, mkono kwenye mshono. Mara ya tatu tulipokwama alisimama.

"Mwenzangu," akasema, "hapa umewahi kufika?"

Nilifikiri nitasema mji umebadilika. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka sana, na uchovu wenyewe haukuwa wa safari ile.

"Sijawahi," nikasema.

Tulikaa kwenye msingi wa nyumba iliyoanguka, nikamweleza yote. Kidatu, shangazi, mama wa mlango wa pili na waume zake watatu. Mtoto. Nilieleza harakaharaka, bila kulia, kama mtu anayetoa maelezo ofisini. Nilitegemea angenishika mkono. Badala yake aliuliza kitu kingine.

"Na marehemu alijua?"

"Hakujua."

"Kwa hiyo ndiyo maana hukumleta."

"Ndiyo."

"Yule mtu alikuwa ananiuliza mimi," akasema, sauti yake imebadilika. "Alikuwa akinikuta njiani ananiuliza, mwalimu, hivi mwenzako amenikasirikia nini na hiyo bahari? Nami nikimwambia vumilia, atakupeleka. Mimi nilikuwa namwambia vumilia!"

Akainuka na kuondoka peke yake, taratibu, akishika kuta. Nilimwita mara moja. Hakugeuka.

Nilikwenda kukaa kivukoni. Watu walishuka na baiskeli, na pikipiki, na mbuzi wawili waliokuwa wanakataa, wengine wakapanda, kikavuka, kikarudi. Kilifanana kabisa na kile chetu cha Kilombero, kile tulichovukia kwenda kwa wakwe zangu Mahenge kabla ya daraja. Hata rangi ya maji ilikuwa ileile ya tope. Nilikaa pale hadi adhana ya adhuhuri. Nilimfikiria mume wangu. Nilijua angeisifia injini ya kivuko, na angemtafuta fundi wake wazungumze. Hangeniuliza nyumba wala jirani. Na hata kama angeuliza, nilijiona sasa nikimjibu kama nilivyomjibu mwenzangu, neno moja, na yeye akisema tukale. Nilikuwa nimemwogopa bure mtu ambaye hakuwa wa kuogopwa.

Niliporudi nilimkuta mwenzangu kitandani, mshono unamuuma kwa sababu ya kuzungushwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amempikia uji. Nilimfulia nguo, nikamkanda miguu, naye aliniacha nimkande. Siku ile ilipita hivyo. Tulikuwa watu wawili wazima likizoni, kwenye mji mzuri wa pwani, tumelala mchana kutwa tukitazama feni.

Alasiri ya siku ya pili yake, nikiwa nakunja nguo, aliuliza akiwa amenipa mgongo.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikakaa chini.

"Wa kike."

"Ulimwona?"

"Walinionyesha kidogo. Alikuwa na nywele nyingi."

Tangu siku ile ya Kidatu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Wazazi wangu walijua na hawakuuliza. Shangazi alijua na hakuuliza. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akabisha mlango kujua kama kuna habari ya msiba. Mwenzangu akamjibu kwa sauti, "Ndiyo, mama, upo. Ila ni wa zamani." Yule mama akasema pole kutoka nje, akaenda zake.

Siku iliyofuata tulikwenda ufukweni. Mwenzangu alikuwa bado amekatazwa kuingia majini, kwa hiyo alisimama mchangani ameshika ndala zangu. Mimi nilijifunga kanga mbili nikaingia. Maji ninayoyajua mimi ni ya Kilombero, na huko mtu haingii hovyo, kuna mamba na kuna viboko. Kwa hiyo niliingia kwa hatua za mtu anayetarajia kuumwa na kitu. Maji yalikuwa vuguvugu. Yalinifika magotini, yakanifika kiunoni, wimbi dogo likanipiga usoni na nikameza chumvi.

"Vipi?" akapiga kelele.

"Yana chumvi!"

"Kwani ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa naambiwa tu!"

Akacheka, akashika mshono wake, akaniambia nisimchekeshe. Nilikaa majini labda robo saa. Hakuna kubwa lililonitokea. Nilitoka nimechoka, macho yanawasha, na kanga zimejaa mchanga ambao haukuisha hata baada ya kuzifua mara tatu.

Tulikaa siku tano. Mama mwenye nyumba, nilipomwomba radhi kwa kusema nimekaa ng'ambo, alisema hata yeye alishajua, maana kwa waliokaa Bweni, "ng'ambo" ni huku mjini. Nilimuuliza kama anamfahamu mwanamke wa pale aliyewahi kuolewa Kivinje, kisha Mikindani, kisha kwenye miwa. Alifikiri. Akasema wanawake wa hivyo walikuwa wengi. Ngazi za mawe alizijua. Duka lilikuwa limevunjwa siku nyingi, mawe yakajengewa kwingine.

Wakati wa kurudi tulilala tena Morogoro kwa binti yangu. Yeye ndiye mtoto wetu mkubwa, anafanya kazi ya uhasibu na ana watoto wawili. Baada ya chakula cha mchana, watoto wakiwa wamekwenda kucheza kwa jirani, mwenzangu alijifanya anataka kulala, akatuacha. Nikamwambia binti yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe mimi siyo wa kwanza," akasema.

"Siyo wa kwanza."

"Na baba alikufa bila kujua."

"Ndiyo."

Alikusanya vyombo akaenda kuviosha. Alitumia muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwapo. Kesho yake alitusindikiza stendi, akaniamkia kwa heshima, akanipa mkoba wa mikate, lakini machoni hakuniangalia. Nilirudi Ifakara nikaendelea na kazi ya kujaza mpunga kwenye magunia. Wiki tatu hakunipigia simu. Mdogo wake, wa kiume, nilimwambia kwa simu, naye akasema, "Pole mama," akauliza kama bado nameza dawa za presha. Kila mtoto na namna yake.

Wiki ya nne binti alipiga. Aliuliza kwanza kama mpunga umekobolewa. Kisha akauliza, "Mlimpa jina?"

"Hapana."

"Hata moyoni?"

"Hata moyoni. Nilikuwa mtoto."

"Sawa," akasema. Tukazungumza mambo ya shule za wajukuu.

Mwenzangu alipona vizuri. Alirudi darasani, na baada ya mwaka akastaafu mapema, akahamia kwao Idete kulima mahindi na kaka yake. Tunaonana Jumapili chache. Kuhusu mume wangu hajanisamehe kabisa, nadhani. Siku moja moja jambo hilo linampita usoni tukiwa tunakula, halafu linaondoka. Simuombi aharakishe.

Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka ule ule wa safari, binti yangu alikuja na watoto bila taarifa. Nilikuwa nyuma ya nyumba napika, nimekaa kwenye kigoda, mgongo unauma. Aliweka mabegi chini, akasema shikamoo, safari hii akiniangalia. Akanichukulia mwiko mkononi. Nilitaka kumwambia wali bado haujakauka vizuri, apunguze moto, lakini aliona mwenyewe. Nikampisha, nikaenda kulala.